Kaburi la Miaka 78,000: Nani Mwenye Maiti?

Mwaka 2013 watafiti waliokuwa wakichimba Panga ya Saidi, pango lililoko kaunti ya Kilifi, kiasi cha kilomita 15 kutoka baharini, walikuta vipande vya mifupa ambavyo hawakuweza kuvitambua. Miaka minne baadaye, mita tatu hivi chini ya sakafu ya leo ya pango, shimo lote likajitokeza: duara dogo lililojaa udongo usiofanana na ule ulioizunguka kingo yake. Mifupa iliyokuwamo ilikuwa dhaifu kiasi kwamba ukiigusa inageuka vumbi. Wakafunika bonge zima la udongo kwa plasta, wakalikata, likapelekwa Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi na kutoka huko hadi maabara ya Burgos, Hispania. Mwezi Mei 2021 jarida la Nature likatangaza kilichokuwamo: mtoto, binadamu wa jinsi yetu, wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyewekwa shimoni yapata miaka 78,000 iliyopita. Barani Afrika halijajulikana kaburi la binadamu lililo la kale kuliko hilo. Watafiti wakampa jina la Kiswahili: Mtoto.

Habari ilipokewa kwa shangwe, na katika shangwe maswali mawili yakapita bila kujibiwa vizuri. La kwanza: tunajuaje kwamba alizikwa? La pili: kama alizikwa kweli, nani alikuwa na haki ya kumtoa? Nimeyapa maswali hayo vinywa vinne. Yuko Mchimbaji, mwanaakiolojia kijana asiyekuwa katika kikosi cha Panga ya Saidi lakini anayeijua kazi yao. Yuko Mwalimu wa historia, mtu wa shaka. Yuko Mwosha, mama wa pwani ambaye kazi yake ni kuosha na kukafini maiti. Na yuko Mzee wa Kimijikenda. Sauti zao nimezitunga. Ushahidi wanaoujadili ni wa kweli, na mimi si mwamuzi asiye na upande. Penye la kusema nitalisema.

MWALIMU: Naanza na shaka, maana ndiyo kazi ninayowafundisha wanafunzi. Zama hizo watoto walikufa wengi. Mapango yana mashimo, maji hupita ndani yake, fisi huburuta mizoga humo. Kwa nini nisiseme kwamba mwili uliangukia mahali penye bonde, udongo ukaporomoka juu yake, na sisi tuliokuja baadaye tukaona kaburi kwa sababu tulitaka kuona kaburi?

MCHIMBAJI: Fisi akimbeba mtoto, Mwalimu, hatuachii uti wa mgongo uliojipanga pingili kwa pingili. Mifupa ya huyu ilikuwa bado imeungana kama ilivyokuwa mwilini. Maana yake nyama iliozea palepale, na hakuna mnyama aliyevuta mguu wala mkono. Kifua nacho hakikubonyea. Mwili ukiozea mahali penye uwazi, mbavu huangukiana. Za huyu zilibaki na umbo lake kwa sababu udongo uliomfunika uliingia kidogo kidogo ukashika nafasi ya nyama. Sasa tazama shimo lenyewe. Lilikatwa katika tabaka la zamani zaidi, likajazwa udongo uliokwanguliwa kwenye sakafu ya pango. Maji yanaweza kuchimba, na maji yanaweza kujaza, lakini hayachimbi duara, yakangoja mwili mzima uwekwe, kisha yakaufunika upesi kabla haujaguswa na mnyama.

MWALIMU: Na umri?

MCHIMBAJI: Kaboni haifiki mbali hivyo. Walipima chembe za mchanga, ambazo huhifadhi kiasi fulani cha nishati tangu siku ya mwisho zilipopigwa na jua. Jibu ni miaka 78,000 na mia kadhaa, na inaweza kupungua au kuzidi kwa kama miaka 4,000.

MWOSHA: Alilalaje?

MCHIMBAJI: Ubavu wa kulia, Mama. Magoti yamekunjwa kuelekea kifuani.

MWOSHA: Na kichwa?

MCHIMBAJI: Kichwa kilikuwa kimeinama kwa namna ambayo kisingeinama kama kingelala juu ya udongo tangu mwanzo. Kulikuwa na kitu kilichokiinua, kitu cha kuoza. Kilipooza pakawa na nafasi, kichwa kikashuka. Halafu mtulinga wa kulia na mbavu mbili zilikutwa zimezungushwa, kama za mtu aliyebanwa mabega. Ndiyo maana wenzangu wakasema sehemu ya juu ya mwili ilifungwa vizuri, pengine kwa ngozi ya mnyama au majani mapana.

MWOSHA: Nikwambie jambo, mwanangu. Nimeosha wakubwa, nimeosha wadogo. Maiti usipomfunga hafungiki mwenyewe. Kidevu kinafunguka, mikono inaanguka pembeni, mabega yanatanuka. Ukitaka mabega yaje mbele, lazima kuna kitambaa kilichovutwa kikakazwa, na lazima kuna mtu aliyekivuta. Sisi tunamlaza maiti ubavu wa kulia, uso kibla, na chini ya shavu kuna mahali huwekwa donge la udongo. Sasa unaponiambia huyu alibanwa mabega na kichwa chake kikainuliwa, mimi sina swali. Alikuwa na watu wa kumshughulikia.

MCHIMBAJI: Hapo nikuzuie kidogo, Mama, kwa heshima zote. Kuna watakaosikia ubavu wa kulia wakasema desturi yetu imetoka huko. Haikutoka. Uislamu una miaka 1,400 na kidogo. Kati ya kaburi lile na la kwanza la Mwislamu pwani hii pamepita vizazi ambavyo hakuna anayeweza kuvihesabu. Na mtu ana pande mbili tu. Akilazwa kiubavu, ni huu au ule.

MWOSHA: Sikusema alikuwa Mwislamu. Nimesema mikono iliyomlaza ilijua kazi.

Kauli hiyo ya Mwosha ina uzito ambao mara nyingi tunawanyima watu wa kazi yake. Wanaosoma mkao wa mifupa hufanya hesabu ya kurudi nyuma: wanatoka kwenye mfupa uliohama wanaenda kwenye nyama iliyooza, halafu kwenye kitambaa kilichoibana nyama hiyo, hadi kwenye mkono uliokaza kitambaa. Mwosha anaijua njia hiyo kutoka upande wa pili, kwa sababu anaanzia kwenye mkono. Vyuo vyetu vya akiolojia vingefaidika kumkaribisha darasani.

MWALIMU: Nakubali mikono. Sikubali moyo. Mtu humfunga maiti kwa sababu nyingi. Anampenda. Anamwogopa asije akamrudia. Ananuka, na watu wanalala pango hilohilo usiku. Ninyi mkiona mwili umefungwa mnaandika maombolezo, mnaandika roho, mnaandika imani ya maisha baada ya kifo. Mfupa hausemi hayo. Na historia ya fani yenu imejaa aibu za namna hii. Mmesahau Shanidar?

MCHIMBAJI: Hatujasahau.

MWALIMU: Basi niwasimulie wasioijua. Shanidar ni pango lililoko milima ya Wakurdi, kaskazini mwa Iraki. Miaka ya 1950 Ralph Solecki alichimba humo akakuta mifupa ya Waneandathali kadhaa, binadamu wa kale wasio wa jinsi yetu. Karibu na mmoja wao udongo ulijaa chavua ya maua, kama ilivyosomwa na Arlette Leroi-Gourhan. Pakazaliwa hadithi: Waneandathali walimzika mwenzao juu ya kitanda cha maua! Solecki akatoa kitabu mwaka 1971, akawaita watu wa maua wa kwanza. Dunia ikalia. Mwaka 1999 mtafiti mwingine akaonyesha kwamba kuna panya wa eneo lile ambao huchimba mashimo na kuweka vichwa vya maua ndani. Mwaka 2023 wengine wakasema wanaohusika zaidi ni nyuki wanaotengeneza viota ardhini, ambao hubeba chavua. Kwa hiyo kilichofikiriwa ni shada la msiba huenda kilikuwa chakula cha mabuu ya nyuki.

MCHIMBAJI: Umesimulia vizuri, ila umeishia katikati. Maua yameanguka, makaburi hayajaanguka. Kikosi kilichorudi Shanidar kilitangaza mwaka 2020 mwili mwingine, umelazwa mahali ambapo sehemu yake inaonekana ilichimbwa kwa makusudi. Na sisi tunajifunza kwa kugombana. La Chapelle-aux-Saints kule Ufaransa, kaburi lililofukuliwa mwaka 1908, lilikaa miaka themanini likiaminiwa. Mwaka 1989 Robert Gargett akasema ushahidi wake ni dhaifu, naye alikuwa na sababu. Watu wakarudi kwenye tundu lilelile, wakachimba upya, mwaka 2014 wakasema shimo lilitengenezwa na mtu. Bado wapo wanaowapinga.

MWALIMU: Na pango la Rising Star, Afrika Kusini? Viumbe wenye ubongo mdogo, *Homo naledi*, angalau 15, ndani ya chumba ambacho mtu mnene hafiki. Mwaka 2023 dunia ikaambiwa walizikana.

MCHIMBAJI: Hapo nasimama nawe. Ushahidi uliotolewa mwaka ule haukutosha, na wakaguzi wa andiko lenyewe walisema hivyo waziwazi. Kutangaza kabla ya kuthibitisha kunatuumiza sote. Ndiyo sababu Panga ya Saidi ni muhimu: shimo limeonekana, udongo umepimwa, mkao umesomwa, umri umepatikana. Hakuna aliyesema habari za maua. Hakuna shanga iliyowekwa naye, hakuna rangi nyekundu, hakuna zawadi.

MWALIMU: Sawasawa! Hakuna chochote. Border Cave, Afrika Kusini, kaburi lililopatikana mwaka 1941, kichanga wa miezi michache aliyezikwa kama miaka 74,000 iliyopita, alikuwa na kome wa baharini aliyetobolewa. Huyu wenu hana kitu. Na mbona wote wawili ni watoto? Wakubwa wao wako wapi? Kama kuzika kulikuwa desturi, maelfu ya watu walioishi kwenye mapango hayo wangetuachia makaburi mengi. Mimi naona jambo lililofanywa mara chache, kwa sababu tusizozijua.

MCHIMBAJI: Huenda. Huenda wakubwa waliachwa nje, au walipandishwa mtini, au walifanyiwa jambo lisiloacha alama. Na udongo wetu mwingi hula mifupa. Mapango ya chokaa ni ya bahati. Tena Ulaya na Mashariki ya Kati zimechimbwa kwa zaidi ya miaka mia. Kule Qafzeh na Skhul, Israel, kuna makaburi ya binadamu wa jinsi yetu yaliyo ya kale kuliko la Mtoto, na yametafutwa tangu kabla ya Vita vya Pili. Hapa kwetu kazi ndiyo kwanza inaanza.

Naingilia kati, kwa sababu naona Mwalimu ana haki katika jambo moja na anakosea katika jingine. Ana haki kwamba imani haisomwi mfupani. Hatutajua kamwe kama waliomlaza mtoto yule waliamini kuna mahali anakwenda. Lakini orodha yake ya sababu haitoshi kueleza walichokifanya. Mwenye hofu na maiti humfunga. Anayesumbuliwa na harufu humfukia, tena mbali na anapolala. Hakuna kati ya hao wawili mwenye haja ya kuinua kichwa cha mtoto na kukiwekea kitu laini chini yake. Tendo hilo halina faida yoyote kwa aliye hai, wala halimzuii maiti kurudi. Lilifanywa kwa ajili ya mtoto mwenyewe, kama kwamba bado anaweza kuumia shingo.

MWALIMU: Au ngozi aliyofungiwa ilikunjamana ikakaa chini ya kichwa, bila mtu kukusudia. Weka na hilo kwenye mizani.

Nimeliweka. Nalo ni pingamizi la kweli, lakini halinitoshi.

MWOSHA: Mnazungumza watoto tu. Watu wa kale wote walizika?

MCHIMBAJI: Hapana, Mama. Karibu na Njoro, Nakuru, kuna pango lililochimbwa na Mary Leakey mwaka 1938. Humo walikuwamo watu karibu 80, kama miaka 3,000 iliyopita, na miili yao ilichomwa moto.

MWOSHA: Kuchomwa! Maiti?

MCHIMBAJI: Ndiyo. Na pamoja nao kulikuwa na bakuli za mawe, mawe ya kusagia na michi, na shanga nyingi za mawe ya rangi. Vitu vilivyochukua siku nyingi kutengenezwa, vikaachwa na wafu.

MWOSHA: Kwetu huo ni ukatili. Lakini... shanga, umesema?

MCHIMBAJI: Shanga, vibuyu, kamba zilizosukwa. Moto ulivigeuza makaa, na kwa kuwa makaa hayaozi, tumeviona.

MWOSHA: Basi nao walikuwa na adabu yao. Mimi nisingeweza. Lakini walikuwa nayo.

MWALIMU: Tusisahau jambo jingine. Vitu vya thamani vikianza kuonekana kaburini, kwa kawaida nyuma yake kuna mkubwa. Piramidi, vilima vya machifu wa Ulaya. Kaburi kubwa ni tangazo la mwenye nguvu.

MCHIMBAJI: Nilikuwa nakungojea hapo. Nenda Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana. Miaka 5,000 hivi iliyopita mvua zilikuwa zinapungua na ziwa linarudi nyuma, na wafugaji wa kwanza wa eneo hilo walikuwa wameingia na mifugo yao. Wakajenga jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30, na ndani yake wakachimba mchanga hadi kwenye mwamba ili kupata mahali pa kuweka wafu. Walizika hapo kwa karne kadhaa. Matokeo ya uchimbaji yaliyotolewa mwaka 2018 na kikosi cha Elisabeth Hildebrand yanakadiria watu wasiopungua 580. Shimo lilipojaa wakalifunika kwa mawe, wakasimika nguzo za mawe juu yake, wakaondoka. Na humo ndani, Mwalimu, kuna wanaume na wanawake, vichanga na vikongwe, na karibu kila mmoja ana mapambo yake. Mmoja alivikwa kichwani pambo lililotengenezwa kwa meno zaidi ya 400 ya panya wadogo wa nchi kame. Tulitafuta kaburi la mfalme. Hatukuliona.

MWALIMU: Pengine mmechimba pembe moja tu.

MCHIMBAJI: Ni kweli sehemu kubwa haijaguswa, na iliachwa kwa makusudi. Lakini palipochimbwa hapakuonyesha tofauti ya mkubwa na mdogo. Watu waliokuwa wakitawanyika kutafuta malisho walikuwa na mahali pamoja pa kuwarudisha wafu wao, na kila msiba uliwakutanisha. Kazi kubwa ya mawe inaweza kufanywa bila chifu wa kuamuru.

Lothagam ingestahili makala yake. Wanaofundisha kwamba ustaarabu huanza pale mmoja anapowatumikisha wengi wangepaswa kuipitia kwanza. Lakini Mzee amenyamaza muda mrefu, na sasa anataka kusema.

MZEE: Nimewasikia. Mmeeleza alivyowekwa, na mmeeleza vizuri. Sijasikia mtu akieleza alivyotolewa. Ninyi wenyewe mmekubaliana, baada ya kubishana kutwa, kwamba kuna mtu alimlaza mtoto huyu ili alale. Mkiisha kukubali hilo, mmejifunga. Jiwe unalichukua. Mfupa wa swala unauchukua. Mtoto aliyelazwa na wazazi wake unamchukuaje?

MCHIMBAJI: Babu, sheria ilifuatwa. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Huchimbi bila leseni, na kitu hakitoki nchini bila kibali.

MZEE: Mwanangu, kibali kinatoka Nairobi. Pango liko Kilifi. Mpaka leo watu wa huku huingia humo kuomba na kutafuta uponyaji. Mimi sisemi kwamba waliochimba Panga ya Saidi hawakuongea na wenyeji. Hilo waulizwe wao. Nasema kanuni haiwezi kutegemea uungwana wa mtu mmoja mmoja. Watu wetu wameumizwa. Kigango, nguzo ya mbao iliyochongwa, kilikuwa kinasimikwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha Gohu, na kikishasimikwa hakihamishwi. Usiku vijana wakaving'oa wakawauzia wafanyabiashara, vikaishia ukutani kwa matajiri na ndani ya makumbusho ya Marekani. Denver walirudisha kama 30, vikafika Kenya mwaka 2019. Vingine bado. Na Wajerumani? Waliondoka Afrika Mashariki na mafuvu. Yale yaliyokusanywa Berlin yanazidi 1,100, ya Rwanda, ya Tanzania, mengine ya Kenya. Hao waliobeba mafuvu nao walijiita wanasayansi.

MCHIMBAJI: Siwezi kukubishia. Fani yangu ilizaliwa nyumba moja na ile.

MWALIMU: Lakini, Mzee, lazima tutofautishe. Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilichukuliwa mwaka 1898 likarudishwa 1954, na wajukuu zake wanajulikana kwa majina. Palepale Mlambalasi, Iringa, alikofia Mkwawa, watafiti wamefukua watu waliozikwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Wale ni wa nani? Simulizi zenu Wamijikenda zinasema mlitoka Singwaya, kaskazini, si zamani sana. Mtoto wa miaka 78,000 si wenu zaidi ya alivyo wa Mmasai au wa Mhispania aliyemsafisha meno. Mkisema mna haki naye, mnadai undugu usiothibitishika.

MZEE: Sijadai undugu. Tangu lini maiti akakosa mwenyewe kwa kukosa ndugu? Mgeni akifia njiani katika ardhi yangu, simwambii asubiri ukoo wake. Mwenye ardhi ndiye mwenye msiba.

MWOSHA: Na kwetu ni hivyohivyo. Maiti asiyejulikana ni fardhi kifaya: wasipojitokeza baadhi kumtengeneza, dhambi ni ya mji mzima. Nimewakafini watu waliotupwa na bahari. Jina sijui, dini sijui, sanda wamepata.

Sijasikia jibu bora kuliko hilo, si katika vitabu wala katika mikutano. Hoja ya Mwalimu inaonekana imara hadi pale unapoona kwamba imeegemea dhana moja: kwamba haki juu ya maiti ni mali inayorithiwa kwa damu. Mahakama hufikiri hivyo, na vipimo vya vinasaba huwasaidia. Wazee na waosha hufikiri habari ya wajibu, na wajibu humfika yeyote aliye karibu. Ukiuliza nani anamiliki mifupa ya Mtoto, utabishana milele. Ukiuliza nani anawajibika kwake, jibu linapatikana mara moja: wenyeji wa Kilifi kwa kuwa alikuwa ardhini kwao, watafiti kwa kuwa wamemfungua, na serikali kwa kuwa imewaruhusu.

MWALIMU: Sawa. Wote wanawajibika. Sasa wafanye nini? Wajibu usiokuwa na utaratibu ni maneno.

MCHIMBAJI: Utaratibu upo kwenye karatasi. Mwaka 1989 wanaakiolojia wa Kongamano la Dunia la Akiolojia walikutana South Dakota, Marekani, wakafikia makubaliano ya Vermillion. Yanataka heshima kwa mabaki ya wafu wote bila kujali asili yao, heshima kwa matakwa ya jamii ya eneo husika, heshima kwa thamani ya utafiti, na kwamba panapotokea mgongano watu wakae wajadiliane. Hayana nguvu ya sheria, lakini hatuwezi kusema hatukuambiwa.

MZEE: Basi yatiwe nguvu.

MCHIMBAJI: Yatiwe. Ila nami nisikilizwe, Babu. Ukanda ule wote ni mawe ya chokaa, na chokaa inachimbwa kwa ajili ya simenti. Mashine haiulizi. Pango likivunjwa, mtoto mwingine kama huyu anasagwa na hakuna atakayejua aliwahi kulazwa. Na kuna jambo jingine. Kwa miaka mingi vitabu vilisema utu wa binadamu, sanaa, maziko, vilichanua Ulaya, sisi tukaja baadaye. Mtoto yule amelikanusha hilo kwa mifupa yake. Kama asingefunguliwa, uongo ungeendelea.

MZEE: Hilo nimelisikia. Nakubali afunguliwe, mradi tuitwe kabla. Si siku ya kukata utepe.

MWOSHA: Na mkimaliza kumsoma, mtamrudisha?

MCHIMBAJI: Mama, nikisema ndiyo nitakudanganya. Mifupa ile nje ya bonge lake haina nguvu, ardhini itapotea. Na kila baada ya miaka kumi huja mbinu mpya ya kuuliza swali ambalo leo hatuwezi kuliuliza.

MWOSHA: Kila maiti ardhini hupotea. Ndiko anakokwenda.

Hapa hawakupatana, na sitawalazimisha. Hukumu yangu ni hii. Mtoto alizikwa; ushahidi wa Panga ya Saidi ni wa nguvu kuliko wa makaburi mengi tunayoyaamini bila kuuliza. Kwa kuwa alizikwa, anastahili kutendewa kama maiti. Mwili wake usiwekwe kwenye kabati la vioo watu wapige picha. Kwa maonyesho nakala inatosha. Anayetaka kuukata mfupa wake kwa kipimo kipya aombe upya, na ombi lifike Kilifi kabla ya kufika maabara. Leseni ya kuchimba mahali penye dalili ya makaburi isitolewe bila maandishi ya makubaliano na wenyeji. Na utafiti unaohusu wafu uwe na tarehe ya mwisho, ambapo watafiti, wenyeji na makumbusho wanakaa kuamua alale wapi. Hata wakiamua abaki makumbusho, wawe wameamua pamoja.

Nawe msomaji, hili linakuhusu kuliko unavyodhani. Watu wanaokutana na makaburi ya kale mara nyingi si wanaakiolojia. Ni mtu anayechimba msingi wa nyumba, kisima, choo, au kijana anayevunja mawe kwa kibarua. Ukikuta mfupa usioujua, weka jembe chini. Usiutoe, usiuoshe, usimpe dalali anayenunua vitu vya kale. Ufunike kwa udongo uleule, mwite mzee wa mtaa, na utoe taarifa ofisi ya makumbusho iliyo karibu. Kenya sheria ya mwaka 2006 inakutaka ufanye hivyo, na Tanzania iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.